Kapsuli zangu zimebadilika rangi na zinanata: nizitupe?

Swali: Natumia kapsuli za unga wa majani ya mlonge. Chupa ya kwanza unga wake ulikuwa kijani kinachong'aa. Chupa ya pili, kampuni ileile na lebo ileile, unga umefifia na una ukahawia. Nikaingiwa na shaka, nikaangalia na kapsuli zangu za bizari ya manjano, ambazo ndani yake kuna na magnesiamu. Hizo zimelegea, zinashikana mbilimbili, na nyingine zina madoa mekundu kama kutu. Zote hazijafika tarehe ya mwisho wa matumizi. Za manjano nilikuwa naziweka jikoni juu ya friji. Nimeuziwa bandia, zimeharibika, au ni kawaida? Na hizo nilizokwisha kumeza?

Jibu: Asante, dada, kwa kuniandikia kwa kirefu. Wengi huniletea mstari mmoja, "kapsuli zimebadilika rangi", basi, na hapo sina pa kushika. Wewe umenipa chupa, mahali na kilichomo ndani, kwa hiyo naweza kujibu bila kupiga ramli.

Umeniletea kesi mbili ukidhani ni moja. Mlonge wako umetofautiana chupa na chupa: ulifungua mpya ukaukuta hivyo. Manjano yako yamebadilika ndani ya chupa moja, yakiwa kwako. Chupa mbili zikitofautiana, zinakusimulia habari za shamba na kiwanda. Chupa moja ikibadilika baada ya kufunguliwa, inakusimulia maji, hewa, mwanga na joto la mahali ilipokaa. Kila anayeniuliza habari za rangi namrudishia swali hilohilo kwanza: imebadilika lini? Asiyelijibu hilo hutupa kapsuli nzima akameza mbovu.

Tuanze na mlonge. Ukijani wa jani ni klorofili, na katikati ya kila molekuli ya klorofili kuna atomu moja ya magnesiamu. Hiyo ndiyo inayoshikilia kile kijani cha kung'aa. Jani likichumwa, seli zake huanza kupasuka, asidi iliyokuwa imefungiwa humo inavuja, inaing'oa magnesiamu na nafasi yake inachukuliwa na hidrojeni. Kinachobaki huitwa feofitini, na rangi yake ni kijani kilichofubaa chenye ukahawia. Umeyaona haya mara nyingi bila kuyapa jina: mboga ya majani ikiingia motoni hung'aa dakika za mwanzo, ukiisahau inageuka rangi ya kaki. Unga wa kwenye kapsuli hupita njia ileile, ila kwa mwendo wa kobe.

Sasa chukua majani ya mti mmoja. Nusu yake yametandazwa kivulini penye upepo, safu nyembamba, yakakauka siku hiyohiyo. Nusu nyingine yamevunwa mvua ikinyesha, yakarundikwa, yakalala na unyevu ndipo yakaanza kukaushwa. Ukiyasaga utapata unga wa rangi mbili, na yote ni mlonge halisi. Ongeza na umri wa jani, maana jani changa na jani kuukuu hazifanani. Ongeza vijiti vilivyosagwa pamoja nalo, ambavyo huleta ukahawia. Ongeza kinu kilichopata moto. Kuna jambo jingine ambalo hata wauzaji hawalijui: unga uliosagwa laini zaidi huonekana umepauka kuliko ule wa chengachenga, hata kama umetoka gunia moja, kwa sababu chembe ndogo hutawanya mwanga zaidi. Kwa hiyo kiwanda kikibadilisha chekeche tu, chupa yako inabadilika rangi.

Viwanda vingine huchanganya mavuno kadhaa ili rangi isiyumbe. Vingine husaga kinacholetwa. Yote mawili ni halali, na mimi binafsi simlaumu wa pili. Anayenitia wasiwasi ni yule ambaye unga wake wa mmea hautofautiani hata kidogo, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Huenda ni mchanganyaji hodari, huenda kuna rangi imeongezwa. Mng'ao peke yake si ushahidi wa ubora. Nchini Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wasindikaji walikuwa wakiitia bizari ya manjano kromati ya risasi, kitu chenye sumu, ili tu iwe na ile njano kali ambayo wanunuzi waliizoea.

Je, rangi ikififia, faida nayo imekwenda? Hapa majibu yanagawanyika. Madini kama kalsiamu na chuma hayana pa kwenda; unga ukipauka yapo, ukiiva kahawia yapo. Protini nayo ipo kwa sehemu kubwa. Lakini joto, mwanga na hewa vilivyoiharibu klorofili vimepita pia kwenye vitamini C na kwenye karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa ambazo mwili hutengenezea vitamini A. Kwa hiyo chupa yako ya pili si bandia kwa sababu ya rangi tu, ila naikadiria kuwa ama ilikaushwa vibaya zaidi ama ni ya zamani zaidi. Zishike zote mbili, soma tarehe ya kutengenezwa na si ile ya mwisho peke yake. Ukikuta ya pili ina miezi kumi zaidi ya ile ya kwanza, umepata jibu lako bila maabara.

Kabla sijaondoka hapo, hakikisha kilichobadilika ni unga na si ganda. Unga hutazamwa ukiwa nje ya ganda. Tangu mwaka 2022 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku titani dioksidi katika vyakula, pamoja na virutubisho, na hiyo ndiyo ilikuwa ikiyapa maganda mengi weupe ule mzito usioonyesha kitu. Watengenezaji wanaouza huko ilibidi wabadilishe maganda, na wanywaji wakashtuka kuona kapsuli zilizokuwa nyeupe pepepe sasa zinaonyesha unga uliomo. Unga haukuguswa, nguo ndiyo iliyobadilishwa.

Na ni nguo kweli. Mwaka 1834 huko Ufaransa, Mothes na Dublanc walipopata hataza ya kapsuli ya jelatini, shida waliyokuwa wakiitatua ilikuwa ladha: kulikuwa na dawa ya utomvu wa mti wa copaiba iliyowatapisha wagonjwa. Ganda lilibuniwa kuuficha ulimi usionje. Kazi ya kuilinda dawa na hewa ya nje ni ya chupa, na hapa ndipo habari ya manjano yako inapoanza.

Ganda gumu la jelatini, likiwa zima kabisa, lina maji ndani yake: asilimia 13 hadi 16 ya uzito wake. Maji hayo ndiyo yanayolifanya linyumbuke kidogo ukilibonyeza. Yakipungua chini ya 12 hivi, ganda linakuwa kama ganda la yai, unalifinya linapasuka. Yakizidi 18, linalegea, linanata, linachukua alama ya kidole. Ganda halichagui maji yake. Linafuata hewa iliyo karibu nalo. Ndiyo maana wanaotengeneza maganda hushauri yahifadhiwe kwenye nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 65. Juu ya friji, ndani ya jiko lenye mvuke wa sufuria, hupati lolote kati ya hayo. Wengi hudhani juu ya friji ni mahali pa baridi. Weka kiganja chako pale: friji hutoa joto la ndani na kulitupa nje, na kwa nyingi hilo joto hupandia huko juu.

Kuna maganda ya aina ya pili, ya selulosi ya mimea, ambayo lebo huyaita ya mboga. Hayo hubeba maji machache, kwa kawaida chini ya asilimia 8, na hayavunjikivunjiki yakikauka. Kwa unga wa mimea wenye tabia ya kunyonya unyevu mimi huyapendelea kuliko jelatini. Lakini usidhani ni ukuta. Maji yanayapita, na unga uliomo unalowa vilevile.

Unga nao una njaa yake ya maji. Unga wa jani lililosagwa hunyonya kidogo. Dondoo la mmea, yaani lile lililochujwa kwa maji au kileo kisha likakaushwa kuwa unga, hunyonya kwa pupa, kwa sababu limejaa sukari na asidi za mmea ambazo hazikupata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Vitu vya namna hiyo vikiwa vikavu ni vigumu kama kioo. Vikipata maji kidogo vinakuwa kama lami, chembe inashikana na jirani yake, na ukija kufungua kapsuli unakuta kigogo kimoja chenye umbo la kapsuli. Soma lebo: ikisema "dondoo", tegemea ukorofi zaidi kuliko ikisema "unga wa mzizi".

Ni maji kiasi gani tunazungumzia? Chupa ya kapsuli 60 zenye miligramu 500 kila moja ina gramu 30 za unga. Unga ukiongeza maji asilimia 5 tu, hiyo ni gramu moja na nusu, matone kama 30. Hebu pata picha ya mtu anayedondosha matone 30 ya maji ndani ya chupa yako na kuifunga.

Maji hayo yanaingiaje? Watu hulaumu kufungua na kufunga. Nilipiga hesabu siku moja nikashangaa mwenyewe. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Chupa ya mililita 150 ikibadilisha hewa yake yote unapoifungua, inapokea miligramu tatu na nusu hivi za maji. Kile kipakiti cha gramu moja kilichomo ndani ya chupa, chenye vijipunje vya kunyonya unyevu, kinaweza kubeba hadi robo au theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo kinahimili kufunguliwa mara 70 hadi 90 kabla hakijashiba. Kinacholowesha chupa si kule kufungua asubuhi ukamimina moja ukafunga. Ni kifuniko kilichowekwa shingo upande kikalala hivyo usiku kucha, kidole kibichi kilichochokora ndani, na kile kipakiti ambacho mtu alikitupa siku ya kwanza akidhani ni takataka. Kiache humo mpaka chupa iishe. Pamba, ikiwa ipo, ndiyo ya kutoa: iliwekwa kuzuia kapsuli zisigongane safarini, na ukishafungua inageuka utambi wa kuvuta unyevu.

Madoa mekundu, sasa. Nilipoyasoma kwenye barua yako nilifurahi, nisamehe, maana ni kemia inayoonekana kwa macho. Rangi ya bizari ni kurkumini. Penye asidi ni njano. Penye alikali, yaani kinyume cha asidi, hugeuka nyekundu ya damu ya mzee. Aliyewahi kufua kwa sabuni nguo yenye doa la bizari anajua: doa lililokuwa njano linakuwa jekundu mkononi mwake. Umesema kapsuli zako zina magnesiamu ndani. Mara nyingi huwekwa kama oksidi ya magnesiamu, unga mweupe ambao ukiwa mkavu umetulia, lakini ukipata maji unageuka kuwa alikali. Kila chembe ya oksidi iliyolowa ikajitengenezea duara jekundu kwenye manjano yaliyoizunguka. Ndiyo hiyo kutu yako. Ukitaka kuhakikisha, tandaza unga mzima wa bizari kwenye karatasi nyeupe na udondoshe tone la maji ya sabuni juu yake. Utaona wekundu uleule.

Wekundu wenyewe si sumu. Ila unaniambia mambo mawili: maji yaliingia hadi katikati ya unga, na kurkumini, ambayo ndiyo uliyoinunulia chupa, huvunjikavunjika haraka ikiwa kwenye alikali. Ulichokilipia kinaondoka.

Kuna mabadiliko mengine ya rangi ambayo hukuuliza lakini utakutana nayo. Vitamini C nyeupe hupita njano kabla haijafika kahawia, na ikifika kahawia imeshapungua nguvu. Kapsuli zenye chuma pamoja na dondoo la majani ya chai au magome zikilowa huweza kutoa weusi wa wino. Na ni wino kweli, kwani kwa karne nyingi waandishi walitengeneza wino kwa kuchanganya chumvi ya chuma na tanini, ile kemikali ya ukakasi iliyomo kwenye magome na majani ya chai. Unga wa matunda mekundu na zambarau nao huwa kahawia pole pole. Polifenoli, kundi la kemikali za mimea zilizomo humo, zikikutana na oksijeni hufanya vile lifanyavyo tufaa lililokatwa likaachwa mezani.

Tanini hizohizo zina visa na ganda lenyewe, na hili ndilo badiliko ninaloliogopa kuliko rangi zote kwa sababu halionekani. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Fundi wa ngozi hufanya nini ili ngozi isioze wala kuyeyuka majini? Huiloweka kwenye magome yenye tanini. Ukifungia dondoo lenye tanini nyingi ndani ya ganda la jelatini, ukaongeza joto na unyevu wa miezi kadhaa, unatengeneza ngozi ndogo ya kiatu yenye umbo la kapsuli. Nyuzi za jelatini hufungana, ganda linakuwa gumu la kimpira, na likifika tumboni halifunguki upesi. Mafuta yaliyochacha hufanya vilevile kwa njia ya kemikali nyingine, aldehidi.

Unaweza kulipima nyumbani. Chukua glasi ya maji ya vuguvugu, joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Maji ya baridi yatakudanganya kwa sababu jelatini huvimba tu humo bila kuyeyuka. Tumbukiza kapsuli moja, tikisa mara mojamoja. Ganda zima la jelatini litaanza kulainika na kufunguka ndani ya dakika chache. Nusu saa ikipita na bado kuna kifuko kinachoning'inia kama puto lililoishiwa upepo huku unga umebaki ndani, ganda hilo limeshadabaghiwa. Kwa haki niseme: tumboni kuna pepsini inayosaga protini, kwa hiyo kinachoshindwa kwenye glasi huenda kikafunguka tumboni. Maabara zenyewe huruhusiwa kuongeza kimeng'enya kwenye kipimo kwa sababu hiyo. Lakini kapsuli iliyofika hapo imeshapita mengi.

Kapsuli laini za mafuta zina sheria zao. Zikiingia ukungu mweupe kwenye baridi na kurudi angavu chumbani, ni mafuta mazito yameganda tu, hazina neno. Zikitoka jasho na kushikana, ni gliserini ya kwenye ganda imevuta maji. Kwa hizo, pua ina akili kuliko jicho: toboa moja kwa sindano unuse. Mafuta ya samaki yananuka samaki, sawa. Yakinuka rangi ya kupakia ukuta, tupa.

Sasa fanya hivi na chupa zako zote mbili. Mwaga kapsuli kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Fungua mbili au tatu umwage unga, usambaze kwa ncha ya kisu. Bonge linalosambaratika ukiligusa ni unyevu wa kawaida. Bonge linalokatika kama udongo wa mfinyanzi ni unyevu uliopita kiasi. Kisha tafuta nyuzinyuzi. Kuvu huonekana kama manyoya mafupi, meupe au ya kijivu au ya kijani-buluu, na mara nyingi huanza pale nusu mbili za ganda zinapokutana. Nusa. Harufu ya gunia lililolowa au ya chumba kilichofungwa msimu mzima ndiyo yenyewe.

Ukiona kuvu kwenye moja, chupa yote inakwenda jalalani, hata hizo zinazoonekana safi. Sitanii kwa hili. Baadhi ya kuvu, kama Aspergillus flavus, hutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini inayodhuru ini, haina rangi ya kukuonya na haiondoki kwa kupashwa moto. Ndiyo sababu pia usianike kapsuli zilizolowa juani wala kuziweka kwenye oveni ukitarajia kuziokoa. Jua litamaliza kurkumini na klorofili iliyobaki, joto litaharakisha kila kilichokwisha kuanza, na kama kuvu ilishaota utakuwa umekausha ushahidi na kuacha sumu.

Kuhusu mwanga, nina aibu yangu ya kusimulia. Niliwahi kuhamishia kapsuli za spirulina, ule mwani mdogo wa kijani-buluu, kwenye mtungi wa kioo cheupe, nikauweka dirishani kwa sababu ule ukijani wa buluu ulipendeza. Mimi, ambaye kazi yangu ni hii. Baada ya wiki kadhaa nikazimwaga: zilizokuwa upande wa dirisha zimekuwa rangi ya majivu yenye unjano, zilizokuwa nyuma yake bado zimekolea, na kapsuli kadhaa za katikati zilikuwa na upande mmoja wa hivi na mwingine wa vile, kama picha iliyopigwa. Buluu ya spirulina, fikosianini, haivumilii mwanga wala joto. Chupa zile za kahawia au za plastiki nzito hazikuchaguliwa kwa urembo. Acha vitu kwenye chupa yake.

Friji siipendekezi kwa kapsuli kavu, isipokuwa lebo imesema hivyo, kama baadhi ya zile za bakteria hai. Ukitoa chupa baridi na kuifungua hapohapo, hewa ya chumba inaingia na kutoa umande juu ya kapsuli, vile glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Kama ni lazima, itoe, iache imefungwa mpaka ipoteze baridi yote, ndipo ufungue. Mahali pazuri ni kabati la chumba cha kulala, mbali na dirisha, na juu kiasi mtoto asifike, hasa zikiwa na chuma ndani.

Na ile tarehe ya mwisho uliyoitegemea ilipimwa kwenye chupa iliyofungwa, ikakaa mahali penye joto na unyevu uliopangwa. Watengenezaji wanaofuata taratibu za dawa huiweka mifano yao kwenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, au kwa nchi za joto nyuzi 30 na unyevu wa 65 au 75. Juu ya friji ya jikoni hakumo kwenye jedwali hilo. Ukishavunja lakiri, hesabu ni nyingine. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye chupa. Chupa ya siku 60 iliyokaa nusu mwaka ikiwa wazi, mimi siimezi.

Kwa hiyo: manjano tupa. Hata usipoona kuvu, zimelowa hadi ndani na kurkumini inaondoka. Mlonge, kama unga ni mkavu, unamwagika vizuri na unanuka majani makavu tu, endelea nao, ila uiulize kampuni. Wape namba ya toleo iliyochapwa kwenye kila chupa na uwaulize majani ya toleo la pili yalivunwa lini, na unyevu wa unga ulikuwa asilimia ngapi ulipoingia kwenye kapsuli. Waombe pia waitazame sampuli ya akiba. Kampuni makini huweka chupa chache za kila toleo. Marekani, kwa mfano, kanuni inawataka wazitunze mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwisho, au miaka miwili tangu toleo lilipouzwa. Sampuli yao ikiwa ya kahawia kama yako, ndivyo ilivyotoka kiwandani. Ikiwa kijani, basi chupa yako iliungulia njiani au kwenye rafu ya muuzaji, na hapo wanapaswa kukubadilishia.

Hizo ulizokwisha kumeza zisikunyime usingizi kama hukuziona na manyoya wala hazikunuka uvundo. Ukipata tumbo kuvuruga lisilotulia, au macho na mkojo vikabadilika rangi, nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi, usiende na picha ya lebo. Na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, mtajie daktari hayo manjano kabla hujanunua chupa nyingine.